Chuma cha Mtumba: Uliza Kiliyeyushiwa Nini

Chuma cha chapati kilichotumika miaka mingi ni mali. Kimeshiba mafuta, chapati haigandi, na ukikibahatisha kwenye mitumba ya Darajani au Mwanakwerekwe hapa Unguja utakipata kwa bei nafuu. Chuma chenyewe hakina neno. Hata huongeza madini ya chuma katika chakula. Wasiwasi wangu ni risasi, na hiyo huletwa na matumizi ya aliyekuwa nacho kabla yako.

Risasi huyeyuka kwenye nyuzi joto 327 za Selsiasi, na jiko la mkaa hufika huko bila taabu. Chuma cha kusubu hakiyeyuki mpaka kipite nyuzi 1,100. Kwa hiyo anayetaka kusubu chubwi la mshipi huona kikaango kizito cha chuma ndicho chombo kinachofaa: hutia vipande vya risasi, pengine vya betri kuukuu ya gari, akayeyusha na kumimina. Katika kisiwa cha wavuvi kama Unguja, kumuuliza muuzaji chombo kilifanya kazi gani si utovu wa adabu. Asiyeuliza hununua mbuzi kwenye gunia.

Kisha kigeuze juani. Tazama pembeni na kwenye mdomo wa kumiminia. Ukiona tone au utando wa kijivu, ukwaruze kwa msumari. Risasi ni laini: hukwaruzika upesi, ikang'aa kama fedha, halafu ikafifia. Ukiona hivyo, kiache. Usipoona kitu, bado hujawa na hakika, maana kiasi kinachodhuru hakionekani kwa macho. Vipo vijiti vya kupimia vinavyogeuka vyekundu vikigusa risasi, lakini hupima pale vilipogusa tu. Jibu la uhakika hutoka maabara.

Usijaribu kukisafisha kwa moto. Risasi haichemki mpaka ipite nyuzi 1,700. Ukikichoma utavuta moshi wa sumu, na ukikipiga msasa utatawanya vumbi lake nyumbani.

Sufuria za alumini zilizosubiwa kwa vyuma chakavu nazo zinatia wasiwasi huohuo. Utafiti wa mwaka 2017 ulipima vyombo 42 kutoka nchi 10, zikiwemo Kenya na Tanzania, na zaidi ya theluthi moja vilitoa risasi ya kutia shaka vilipochemshwa na asidi. Urojo wetu wa ndimu na embe mbichi una asidi, na mchuzi wa ukwaju vilevile.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo hufyonza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima, na ubongo wake ukishadhurika haurudi ulivyokuwa. Chombo usichokijua asili yake, na huna pa kukipima, usiwapikie watoto, wala usimuuzie mwenzako.