Aliandika maneno ya kaburi lake, akaishi miaka 37 zaidi

Jioni ya Novemba 26, 1753, mhubiri wa Uingereza, John Wesley, alichukua kalamu akaandika maneno ya kuwekwa kwenye kaburi lake. Alikuwa na umri wa miaka 50. Aliandika kuwa amekufa kwa kifua kikuu na kwamba madeni yake yakishalipwa, hata pauni 10 hazitabaki. Hakutaka watu wamsifu kupita kiasi akishazikwa.

Wesley hakufa. Mwanzilishi huyo wa Wamethodisti aliishi hadi Machi 2, 1791, akiwa na miaka 87. Miezi michache iliyofuata jioni ile ina somo kwa kila familia inayouguza mtu nyumbani.

Alimsikiliza daktari

Wesley alikuwa mtu wa safari. Alizunguka kwa farasi na kuhubiri nje, hata kwenye baridi kali. Mwaka huo mwili ulikataa. Alipata kikohozi kizito, maumivu ya kifua na homa isiyoisha.

Daktari wake, John Fothergill, alimwambia asikae mjini London hata siku moja zaidi. Alimtaka aende kwenye hewa safi, apumzike, anywe maziwa ya punda na apande farasi kila siku kwa mazoezi.

Mhubiri huyo hakujibu kwamba maombi yanamtosha. Aliacha mimbari, akahamia kwa rafiki yake Lewisham, nje ya jiji. Watu waliendelea kumwombea, naye akaendelea kufuata masharti ya daktari.

Leo inajulikana kwamba maziwa ya punda hayatibu kifua kikuu. Lakini bakteria wanaosababisha ugonjwa huo waligunduliwa na Robert Koch mwaka 1882, na dawa za kuwaua zilipatikana miaka ya 1940. Wesley alitumia tiba bora aliyoweza kuipata wakati wake.

Kazi ya kitandani

Januari 1754 alikwenda Hotwells, Bristol, kwenye chemchemi ambako wagonjwa walikuwa wakinywa maji kwa kuamini yanaponya. Januari 6, akiwa huko, alianza kuandika maelezo ya Agano Jipya, mstari kwa mstari.

Baadaye alieleza kwamba asingeigusa kazi hiyo kama asingeugua. Alikuwa mgonjwa kiasi cha kushindwa kusafiri na kuhubiri, lakini alikuwa na nafuu ya kutosha kusoma na kuandika.

Alijipangia ratiba: saa ya kuamka, saa za kuandika, nusu saa kwa kila mlo na muda wa kupanda farasi. Aliandika tangu alfajiri hadi saa tatu usiku. Kwa mtu anayetoka kuugua, saa hizo ni nyingi mno na si za kuigwa. La kuchukua ni kwamba siku zake zilikuwa na mpangilio na sababu ya kuamka.

Mwishoni mwa Machi alihubiri tena, baada ya kimya cha takriban miezi minne. Kitabu chake kilitoka mwaka 1755, na Wamethodisti wanakitumia hadi sasa.

Kilio kwa mdogo wake

Familia hiyo haikupona yote. Charles, mdogo wake Wesley na mtunzi maarufu wa nyimbo za kanisani, alikimbilia London kumwona kaka yake aliyedhaniwa anakata roho. Akiwa huko akapata habari kwamba mkewe, Sarah, ameugua ndui. Akarudi Bristol haraka.

Sarah alipona, lakini mtoto wao wa kwanza, aliyekuwa hajatimiza miaka miwili, alifariki kwa ndui Januari 1754. Ni mwezi uleule ambao baba yake mkubwa alifungua Agano Jipya na kuanza kuandika.

Imani ya ndugu hao ilikuwa moja. Aliyepona hakuwa ameomba zaidi ya aliyefiwa. Mtoto yule alikosa chanjo, kwa sababu chanjo ya ndui ilikuja mwaka 1796. Chanjo hiyo ndiyo iliyouondoa ugonjwa huo duniani. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa katika jamii alipatikana Somalia mwaka 1977, na mwaka 1980 ikatangazwa kuwa ndui imetokomezwa.

Kwa mzazi wa leo

Chanjo ya BCG, anayopewa mtoto mara baada ya kuzaliwa, humkinga dhidi ya aina kali za kifua kikuu. Usiiache.

Kikohozi kikizidi wiki mbili, au kikiambatana na homa, jasho la usiku na kupungua uzito, nenda kituo cha afya. Kifua kikuu kinatibika, kwa kawaida kwa miezi sita, na katika vituo vya Serikali dawa ni bure. Kama kuna mgonjwa nyumbani, wapeleke watoto wakapimwe.

Anayetumia dawa asiziache kwa sababu amepata nafuu au ameombewa. Dozi ikikatizwa, ugonjwa unaweza kurudi ukiwa sugu.

Na anapoanza kupata nguvu, msimwache akitazama dari kutwa nzima. Mpeni kazi inayolingana na nguvu zake: kusoma Biblia au Kurani, kumsikiliza mtoto akisoma, kuchambua mchele. Akichoka, apumzike. Saa ya dawa ikifika, anywe dawa.