Rwanda: Krimu inayosifiwa na rafiki na hatari yake kwa kijana mwenye chunusi

Mwishoni mwa mwaka 2018, Rwanda ilianza msako mkali dhidi ya vipodozi vya kuchubua ngozi, baada ya Rais Paul Kagame kuandika katika mtandao wa kijamii kwamba vina madhara kwa afya na kuzitaka Wizara ya Afya na polisi kuchukua hatua haraka. Maduka yalikaguliwa na bidhaa zikakamatwa.

Hata hivyo, si kila anayepaka krimu hizo hutafuta weupe. Wapo vijana wanaotaka tu kuondoa chunusi, na ambao humsikiliza rafiki wa darasani kabla ya kumwona mhudumu wa afya.

Chunusi hutokana na nini?

Wakati wa balehe, homoni huchochea tezi za ngozi kutoa mafuta mengi. Mafuta hayo yakichanganyika na seli zilizokufa, vitundu vya ngozi huziba, bakteria huongezeka na uvimbe hujitokeza. Chunusi si dalili ya uchafu, wala haziambukizi. Kuusugua uso kwa sabuni kali huzidisha tatizo.

Kwa nini ushauri wa rafiki hushawishi?

Hapa ndipo penye mtego. Baadhi ya krimu za mkorogo, ambao Wanyarwanda huuita mukorogo, zina steroidi kali kama vile klobetasoli. Steroidi hutuliza uvimbe upesi, hivyo katika siku za mwanzo uso huonekana laini. Rafiki anayeisifu krimu hiyo hadanganyi; anasimulia alichokiona kwa macho yake, ila bado hajafika mwisho wa safari.

Baada ya wiki au miezi kadhaa, ngozi hukonda, mishipa midogo ya damu huonekana na chunusi mpya huibuka. Mtumiaji akiacha ghafla, uso huwaka na kuvimba. Akiirudia, hutulia tena. Basi huamini kwamba krimu inamtibu, kumbe ndiyo inayomdhuru.

Kemikali nyingine nazo zina hatari zake. Haidrokwinoni ikitumiwa kwa muda mrefu bila usimamizi wa daktari inaweza kuacha madoa meusi yasiyoondoka kwa urahisi. Shirika la Afya Duniani (WHO) limeonya kwamba zebaki iliyomo katika baadhi ya krimu na sabuni huweza kuharibu figo.

Kijana afanye nini?

Hatua ya kwanza ni kituo cha afya kilicho karibu. Nchini Rwanda, bima ya afya ya jamii, Mutuelle de Santé, huchangia gharama za matibabu, na mgonjwa anayehitaji uchunguzi zaidi hupewa rufaa kwenda hospitali ya wilaya.

Ni muhimu pia kujua kwamba tiba salama, kama vile benzoili peroksaidi, huhitaji takriban wiki 6 hadi 8 ili matokeo yaonekane. Wengi hukata tamaa katika kipindi hicho na kurejea kwenye krimu ya rafiki.

Aliyekwisha kuanza kutumia krimu asiyoijua asifiche kwa aibu. Aende na kopo lake, ili mhudumu asome kilichomo na kumwelekeza namna ya kuacha. Naye mzazi asiyedhihaki uso wa mwanawe humrahisishia safari hiyo.