Kamba ya Kumfunzia Mtoto Mafundo

Inapokaribia Idd ya kuchinja, mbuzi hufungwa uani, na aghalabu kazi hiyo huachiwa mtoto. Naye hufunga fundo alijualo, yaani tanzi. Mnyama akishtuka na kuvuta, tanzi hujikaza, na asipotokea mtu wa kulilegeza mapema, mbuzi hukabwa akafa. Kumbe kipo kitanzi kisichojikaza, wanachokitumia mabaharia, nacho si kigumu kufundishika. Ila mafunzo huanzia kwenye kamba yenyewe, na hapo ndipo wazazi wengi tunapokosea.

Iliyo karibu nasi ni ya katani, zao lililoletwa Tanganyika mwaka 1893 na kustawi Tanga. Ina nguvu na fundo lake halitelezi, lakini nyuzi zake huchoma viganja vichanga. Ya makumbi, iliyoshona mitepe ya wazee wetu bila msumari, nayo hukwaruza. Ya plastiki huelea majini na kuwafaa wavuvi, ila ni ngumu na ina utelezi. Fundo hufumuka, na mtoto hudhani kosa ni lake. Nailoni ni laini, lakini hunyumbuka na kuteleza.

Kwa kujifunzia, tunapendekeza kamba ya pamba iliyosukwa, yenye unene wa milimita 8 hivi na urefu wa mita 2. Iliyo nyembamba mno, fundo lake halionekani vyema wala halifunguki; iliyo nene mno hukataa kukunjika. Zinunuliwe mbili za rangi tofauti, ili katika kuunga kamba kwa kamba mtoto atambue ipi imepita juu na ipi chini. Ncha zizungushiwe uzi zisifumuke.

Mazoezi yafanyike kwenye mguu wa kiti. Kamba isivishwe shingoni mwa mtu hata kwa mzaha, na ikimaliza kazi iwekwe mbali na watoto wadogo.

Kamba hiyo ya pamba si ya kufungia mifugo, kwani ikilowa mara kwa mara huoza. Mtoto atakapokifunga kitanzi hicho mara kumi mfululizo, na kila mara mzazi akakivuta kwa nguvu kisijikaze, hapo ndipo akabidhiwe kamba ya katani, na mbuzi.