Ndege ya karatasi: Kutoka Pujini hadi nje kidogo ya 'kumi na nane'

Mei 30, 2014, Wembley. England inaagwa kwenda Kombe la Dunia Brazil na inaichapa Peru 3-0. Daniel Sturridge kafunga, Gary Cahill kafunga, Phil Jagielka naye kafunga. Lakini ukimuuliza shabiki leo, atakukumbushia ndege ya karatasi iliyorushwa kutoka jukwaa la juu, ikaelea weee, ikaenda kumgonga Hansell Riojas wa Peru. Jukwaa likalipuka kama bao la dakika za majeruhi.

Karatasi yenyewe ilikuwa kadi iliyowekwa vitini ili kupamba uwanja. Watu wakaona hiyo mali, wakakunja.

Pujini, kusini mashariki ya Chake Chake, hakuna jukwaa la ghorofa. Kuna ukurasa wa daftari, na kuna ndege za kweli zinazotua uwanja wa Pemba usio mbali na hapo. Mtoto anakunja, anapuliza ncha, anarusha. Mchezo hauna kiingilio, ila daftari lina idadi ya kurasa na mzazi anazijua.

Sasa ubishi wa kijiweni: sifa ni za mkunjaji au mrushaji? Ni ule ule wa kocha na straika. Mwaka 2012 Mmarekani John Collins alikunja ndege yake, hakuirusha mwenyewe. Alimkabidhi Joe Ayoob, aliyecheza soka la Kimarekani chuoni, kazi yake ikiwa kurusha mipira mirefu. Ikaenda mita 69.14, rekodi ya dunia. Kocha alijua kufanya sub.

Rekodi hiyo ilivunjwa mara mbili mwaka 2022. Ya pili, Desemba 2, ilikuwa ya vijana watatu wahandisi. Mrushaji Dillon Ruble akaipeleka mita 88.318. Piga hesabu kwenye uwanja wa mita 105: simama kwenye mstari wa goli lako, rusha, inadondoka sentimita 18 tu kabla ya 'kumi na nane' ya mpinzani. Refa hatoi penalti hapo, ni faulo ya nje.

Kuikunja tu ilichukua zaidi ya dakika 20. Na masharti ni makali: karatasi moja ya A4, uzito usizidi gramu 100 kwa mita ya mraba, na inarushwa ndani ya jengo. Kwa hiyo upepo wa bahari wa Pemba, ambao mtoto wa Pujini anautegemea kama winga anavyotegemea mbio, hauhesabiki. Karatasi ya daftari nayo ni nyepesi mno, ukiirusha kwa nguvu zote inajikunja hewani. Hiyo inataka mkono laini.

Marekebisho yapo. Ikipiga mbizi, pinda kidogo ukingo wa nyuma wa mbawa kwenda juu. Ikiinua pua, ikasita halafu ikaanguka kama beki aliyepigwa chenga, pua ni nyepesi, ongeza mkunjo mmoja mbele. Ikikata kona yenyewe, mbawa hazilingani.

Ikishindikana kabisa, kachomoe karatasi ya katikati ya daftari, pale penye pini. Inatoka pacha, haichaniki, na ya mbele yenye sahihi ya mwalimu inabaki salama.