Kumrudisha Samaki Majini na Uhai Wake: Tathmini ya Hoja kwa Kuzingatia Uvuvi wa Ziwa Rukwa, Mkoani Songwe

1.0 Utangulizi

Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Mbeya. Wilaya zake za Momba na Songwe zinapakana na Ziwa Rukwa, ilhali mji wa Tunduma uko mpakani mwa Tanzania na Zambia. Kwa wakazi wa kandokando ya ziwa, samaki ni chakula na ni fedha. Kwa sababu hiyo, kupungua kwa samaki si suala la wanasayansi peke yao.

Miongoni mwa ushauri unaotolewa mara kwa mara katika uhifadhi ni kwamba samaki mchanga akinaswa arudishwe majini. Ushauri huu umejengwa juu ya dhana kwamba samaki aliyeachiwa akaogelea na kutoweka machoni pa mvuvi amepona. Makala hii inachunguza dhana hiyo na kuonesha kuwa uhai wa samaki anayerudishwa hutegemea zaidi yaliyompata kabla ya kuachiwa kuliko kuachiwa kwenyewe.

2.0 Chimbuko la Dhana

Desturi ya kuvua na kuachia ilikua zaidi katika uvuvi wa burudani, hasa katika nchi za baridi. Katika nchi kama Kanada na Finland, maziwa huganda wakati wa kipupwe, na wavuvi hutoboa tundu katika barafu na kushusha ndoana. Huko nako swali ni lile lile: je, samaki anayeachiwa huishi?

Mazingira hayo yana pande mbili. Kwa upande mmoja, maji baridi humfaa samaki, kwa kuwa mwili wake huhitaji oksijeni kidogo na maji yenyewe hubeba oksijeni nyingi. Maji yasiyo na chumvi yenye nyuzijoto 0 za Selsiasi yanaweza kuyeyusha takribani miligramu 14.6 za oksijeni kwa lita, ilhali yenye nyuzijoto 28 hubeba takribani miligramu 7.8 tu. Kwa upande mwingine, hewa iliyo chini ya kiwango cha kuganda inaweza kudhuru matamvua na macho ya samaki aliyelazwa juu ya barafu. Kwa hiyo, baridi pekee haitoshi kumhakikishia samaki usalama.

3.0 Mambo Yanayoamua Uhai wa Samaki

Jambo la kwanza ni muda ambao samaki anakaa nje ya maji. Akiwa hewani, nyuzi laini za matamvua hujikunja na kugandamana, hivyo hupoteza uwezo wa kupokea oksijeni. Ferguson na Tufts (1992) waliwachosha samaki aina ya trauti na kuwafuatilia kwa saa 12. Waliochoshwa bila kutolewa majini walikufa asilimia 12. Waliowekwa hewani kwa sekunde 30 walikufa asilimia 38, na waliowekwa kwa sekunde 60 walikufa asilimia 72. Wengi wa samaki hao hawakufa papo hapo, na hapa ndipo jicho la mvuvi linapodanganyika.

Jambo la pili ni mahali palipojeruhiwa. Ndoana iliyonasa mdomoni huacha jeraha dogo, lakini iliyomezwa hadi tumboni au iliyochana matamvua huua mara nyingi. Bartholomew na Bohnsack (2005), baada ya kupitia tafiti 53, walipata wastani wa vifo wa asilimia 18, huku tofauti kati ya utafiti mmoja na mwingine ikiwa kubwa mno. Tofauti hiyo yenyewe ni funzo: hakuna kiwango kimoja cha vifo kinachoweza kutumiwa kila mahali.

Jambo la tatu ni kina. Samaki anapovutwa juu kutoka kina cha mita 10, shinikizo hupungua kwa takribani nusu, na hewa iliyo katika kibofu chake hutanuka kiasi cha maradufu. Kambale ana mfereji wa kuitolea hewa hiyo. Perege na sangara hawana. Hewa yao hupungua polepole kupitia damu. Suala hili lina uzito katika Ziwa Victoria, ambako kanuni zimeweka kiwango cha urefu wa sangara anayeruhusiwa kuvuliwa. Sangara mwenye urefu nje ya kiwango hicho akitolewa kilindini huenda asiweze kuzama tena hata akiachiwa.

4.0 Hali ya Ziwa Rukwa

Ziwa Rukwa halina mto unaotoka, maji yake yana magadi, na kina chake ni cha mita chache tu. Kwa hiyo, madhara ya shinikizo hayatarajiwi kuwa makubwa. Hata hivyo, ufupi huo wa kina unaambatana na joto, na joto huongeza mahitaji ya oksijeni wakati ambapo maji yana oksijeni kidogo.

Aidha, zana zinazotumika si ndoana pekee. Samaki aliyenaswa katika jarife hubanwa kwenye matamvua, huvuliwa magamba na kuondolewa ute unaomkinga dhidi ya kuvu na bakteria. Akikaa wavuni usiku kucha, kumrudisha asubuhi ni sawa na kurudisha mzoga.

Spishi nazo hutofautiana. Kambale ana kiungo cha kuvutia hewa na anaweza kustahimili kukaa nje ya maji. Perege wa Rukwa (Oreochromis rukwaensis), ambaye asili yake ni bonde hilo, hana uwezo huo. Zaidi ya hayo, jike la jamii hii huatamia mayai na vifaranga mdomoni. Anaponaswa huweza kuwatema, na hata akiachiwa akapona, kizazi alichokibeba kimepotea. Hasara hiyo haionekani katika hesabu ya samaki waliorudishwa hai.

5.0 Hitimisho

Kumrudisha samaki majini kunaweza kuokoa uhai iwapo amenaswa mdomoni, hakutoka kilindini, na ameachiwa ndani ya sekunde chache. Katika uvuvi wa jarife kwenye maji ya joto, masharti hayo hutimia kwa nadra. Utafiti utakaopima jambo hili ziwani Rukwa hauna budi kuwahifadhi samaki walioachiwa ndani ya vizimba kwa siku kadhaa, pamoja na kundi la ulinganisho, na kutenganisha takwimu za kila spishi na kila zana.

Kwa upande wa usimamizi, Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na Kanuni za mwaka 2009 zinatoa msingi wa kudhibiti zana. Ukubwa wa macho ya nyavu, kuzuia makokoro na kulinda mazalia humfikia samaki kabla hajanaswa. Hivyo basi, samaki mchanga wa Rukwa hulindwa zaidi na wavu unaompitisha kuliko mkono unaomrudisha.