Kadi ya chakula ya Mmarekani maskini haina chipu, na wakora wanajua

HEBU piga picha. Uko kwenye foleni ya supamaketi, troli ina mkate, maziwa, mayai na chakula cha mtoto. Unapitisha kadi, unabonyeza namba ya siri, na mashine inakwambia salio ni sufuri. Kadi hujaipoteza, iko papo hapo mkononi. Lakini pesa za mwezi mzima zimeliwa na mtu usiyemjua, pengine katika jimbo lingine kabisa.

Kisanga hiki kimewapata Wamarekani wengi wanaotegemea SNAP, mpango wa serikali unaosaidia familia za kipato cha chini kununua chakula. Takriban watu milioni 42 walikuwemo mwaka 2024. Mwaka huo, kila mtu alipata wastani wa dola 187 hivi kwa mwezi. Gawanya kwa siku uone: ni kama dola sita tu.

Wakora hufanyaje? Hubandika kifaa chembamba juu ya mashine ya kulipia, na kingine cha kunasa namba ya siri. Kadi nyingi za mpango huu, ziitwazo EBT, bado zinatumia utepe wa sumaku. Data iliyo kwenye utepe haibadiliki, kwa hivyo ikinakiliwa mara moja tu, mwizi anaiandika kwenye kadi tupu na kwenda kununua anachotaka. Chipu nayo hutoa msimbo mpya kila unapolipa. Ukiunasa, haukufai kitu.

Sasa angalia kadi yako ya benki. Ina chipu, sivyo? Benki za Marekani nazo zilianza kuhamia chipu kwa kasi mwaka 2015. Aliyeachwa na utepe ni yule asiye na akiba. Isitoshe, mwenye akaunti ya benki akiibiwa, sheria inamlinda. Kadi za EBT ziliondolewa kwenye ulinzi huo mwaka 1996.

Mwishoni mwa 2022, Congress iliruhusu pesa za serikali kuu zitumike kuwarejeshea walioibiwa. Ruhusa hiyo iliisha Desemba 20, 2024. Tangu hapo, jimbo likitaka kumfidia mtu, litoe pesa zake lenyewe.

Hapo ndipo ngoma inapolala kwenye bajeti za majimbo. Kuleta chipu si kuchapisha kadi mpya tu. Mifumo ya kompyuta lazima ibadilishwe na mashine za madukani ziwe tayari. California ilitenga mamilioni ya dola, na mapema 2025 ikawa jimbo la kwanza kutoa kadi za EBT zenye chipu. Mengine mengi yanasuasua.

Wanaosuasua wana hoja. Kwa miaka mingi serikali kuu imebeba nusu ya gharama za kuendesha SNAP. Sheria iliyotiwa saini Julai 2025 inasema kuanzia Oktoba 2026 majimbo yatabeba asilimia 75. Mtu wa hazina ya jimbo anauliza: hizo za chipu nitoe wapi?

Lakini fikiria upande wa pili. Pesa zinazoibwa ni za mlipa ushuru yuleyule, na zinaishia mfukoni mwa magenge. Tena ukisikia mwanasiasa akilalamika kuhusu ulaghai katika SNAP, muulize anamsema nani. Katika wizi huu, mwenye kadi ndiye aliyeibiwa. Kumwita mlaghai ni kumpiga mara mbili.

Kama una shangazi au binamu huko anayetumia kadi hii, mtumie ujumbe leo. Abadilishe namba ya siri kabla ya siku ya pesa kuingia, aachane na 1234, na kama jimbo lake linaruhusu, aifunge kadi kwa programu ya simu wakati haitumii. Akiona mashine ya kulipia imelegea au imevimba, asipitishe kadi.

Na wewe uliye hapa, usidhani ni shida ya mbali. Nyanya aliye kwenye Inua Jamii hupokea Sh2,000 kwa mwezi. Bajeti ya kaunti au ya taifa ikisomwa, wengi wetu huuliza maskini wametengewa ngapi. Uliza pia: zikiibwa kabla hazijamfikia, nani atalipa?