Pete ndogo ya shafti: ipime, usiikisie kwa macho

Mashini ya kukoboa mpunga ikisimama, wanamemba wa koperative wanafikiri mara moja juu ya vitu vikubwa: pistoni, pompi ya mazutu, mkanda. Mara nyingi njo vile. Lakini kuna siku fundi anafungua moteri na kukuta kwamba kilichoharibu yote ni pete ya chuma unayoweza kuibeba kwenye ncha ya kidole. Pete yenyewe bei yake ni ndogo sana. Silinda iliyokwaruzwa na pete hiyo, hapana. Na mpunga ulio ndani ya magunia hausubiri: mkulima mwenye deni la shule anauuza na maganda yake, kwa bei ya mnunuzi, si kwa bei yake.

Dukani utasikia ikiitwa sirklipsi. Sisi hapa tutasema pete ya kuzuia, maana kazi yake ni hiyo tu. Ukitazama shafti ya mashini, karibu na mwisho wake utaona mfereji mwembamba uliochongwa kuizunguka. Pete inakaa ndani ya mfereji huo, nusu imezama, nusu iko nje kama ukuta mdogo. Gurudumu la meno, puli au beringi (rulma, kama tunavyozoea kusema) haiwezi kutembea na kuchomoka. Pete haizungushi kitu wala haibebi mzigo wa juu. Inazuia msukumo wa pembeni, basi.

Mahali zilipo ni pengi kuliko tunavyodhani. Kwenye pikipiki inayobeba mchele kutoka kijijini, ziko kwenye shafti ya kiki na kwenye gia. Iko nyingine ndogo kabisa kwenye sindano ya kabureta, ambayo ukiihamisha mfereji mmoja juu au chini moteri inabadilisha kiasi cha mafuta inachokunywa. Kwenye moteri za mazutu za silinda moja, zile za Uchina za aina ya S195 zinazozungusha mashini nyingi za vijijini, pini ya pistoni inazuiwa na pete mbili, moja kila upande. Hata pompi ya dawa ya kubeba mgongoni inaweza kuwa na pete kwenye kiungo cha mkono wake.

Ya pistoni njo inayotutia hofu zaidi. Pete moja ikitoka, pini inatembea pembeni hadi inagusa ukuta wa silinda, na kwa mzunguko wa mara 2000 kwa dakika inachora mfereji ambao hakuna segma itakayouziba. Kuna na hatari nyingine ambayo ni ya watu, si ya mashini. Kama fimbo ndogo inayoongoza mazutu kwenye moteri yenu imeshikwa na pete, na pete ikaruka, moteri inaweza kushika mbio bila kizuizi. Mwendesha mashini awe na kipande cha ubao bapa karibu, cha kuziba tundu la hewa. Ubao, si mkono na si kitambaa.

Sasa tuseme ukweli juu ya waya. Pete ikipotea, wengi wetu tunachukua waya wa kufungia, tunaukunja mara mbili ndani ya mfereji, na mashini inaanza tena. Sababu tunaijua. Kindu haina daraja la kuvukia kwenda Alunguli, gari-moshi kutoka Lubumbashi haina siku ya hakika, njia ya mto kuelekea Ubundu ina saa zake, na piesi inayokuja kwa ndege inakuja na bei ya ndege. Mtu mwenye foleni ya wamama na magunia yao mlangoni hawezi kuambiwa asubiri wiki tatu. Lakini waya wa kufungia ni chuma laini. Ukisukumwa unajifungua, na kabla ya kujifungua unakula kingo za mfereji. Kingo zikishakuwa za mviringo, hata pete mpya nzuri haitashika tena. Kwa hiyo waya uliookoa leo unaweza kukudai shafti nzima kesho kutwa. Kama ni lazima kabisa, uwekwe kwenye kitu cha polepole, kama mkono wa pompi ya dawa, na kwa siku chache tu. Ndani ya moteri, hapana.

Njia ya kutoka kwenye waya ni kuwa na pete ya akiba iliyo sahihi, na hapa njo watu wanapopotea. Mtu anaingia dukani, anasema: “Papa, nipe sirklipsi ya namna hii,” na anaonyesha kwa vidole. Mwenye duka anampa inayofanana. Kufanana haitoshi.

Kwanza ujue ni ya nje au ya ndani. Ya nje inavaliwa na shafti kama pete ya kidole. Pensi yake inaifungua. Ya ndani inaingia kwenye tundu, kama ile ya pini ya pistoni. Pensi yake inaibana. Kwa zile zenye vitundu viwili vidogo kwenye ncha, pensi za pande hizo mbili hazilingani, na anayejaribu kwa turnevisi anaipinda pete kabla haijafika mahali pake. Iko na aina ya tatu, isiyo na vitundu, yenye umbo la herufi E: hiyo inasukumwa kutoka ubavuni mwa shafti na inashika kwa meno matatu.

Namba ya pete ya nje ya kawaida, ile inayofuata kipimo cha Wajerumani DIN 471, ni unene wa shafti yenyewe. Shafti ya milimeta 10 inataka pete ya 10, yenye unene wa milimeta 1, na mfereji wake chini unapima 9.6. Shafti ya 12 ina mfereji wa 11.5. Ya 15 ina 14.3. Ukifika 20, pete inakuwa na unene wa 1.2 na mfereji unapima 19. Ya 8 ni nyembamba zaidi, 0.8. Hizi za ndani zina kipimo chao, DIN 472, na namba yao ni upana wa tundu.

Pete ya E haifuati desturi hiyo, na hapa tunaomba msome polepole. Namba yake, kwa kipimo cha DIN 6799, si unene wa shafti bali ni unene wa chini ya mfereji. Pete ya E ya 6 ni ya shafti ya kati ya milimeta 7 na 9. Kwa hiyo mwenye shafti ya 8 akiomba E ya 8 atapewa pete iliyo kubwa. Itaingia kwa urahisi, atafurahi, na mashini ikianza kutetemeka itaanguka. Pete inayoingia bila ubishi wowote itiliwe mashaka.

Kupima, kalipa ni bora, na koperative yenye mashini mbili au tatu inunue yake. Pima shafti mahali pazima, mbali na mfereji, kisha pima chini ya mfereji, kisha upana wa mfereji. Bila kalipa, chukua ukanda mwembamba wa karatasi, zungusha shafti mara moja, weka alama pale unapokutana, nyoosha, pima kwa rula na ugawe kwa 3.14. Milimeta 31 na kitu kidogo maana yake shafti ya 10. Ukipata namba ya ajabu kama 9.5 au 12.7, usifikiri umekosea: moteri za zamani za Uingereza, kama zile za Lister, zilitengenezwa kwa inchi, na 9.5 ni sehemu tatu za nane za inchi, 12.7 ni nusu inchi. Pete ya milimeta haitakaa sawa pale. Katika hali hiyo, au ukiwa na shaka yoyote, mpe anayekwenda mjini shafti yenyewe pamoja na vipande vya pete ya zamani, usimpe maelezo ya mdomo.

Ubora nao unapimwa dukani. Sanduku za pete mchanganyiko ni rahisi, na ndani yake kuna nzuri na mbaya. Ifungue kidogo kwa pensi na uiachie: chuma cha springi kinarudi kama kilivyokuwa, kibaya kinabaki wazi. Kwa pompi ya dawa, na kwa mashini inayosaga mihogo mibichi yenye maji makali, tafuta isiyoshika kutu kama inapatikana.

Wakati wa kuifunga, ioshe shafti kwa mazutu na uondoe uchafu wote ndani ya mfereji kwa kijiti. Mchanga kidogo tu unazuia pete kuzama. Ifungue kiasi cha kupita tu, usiipanue zaidi, maana iliyopanuliwa kupita kiasi imeshakufa ingawa bado inaonekana nzima. Pete ya nje iliyokatwa kwa mashini, ukiigusa kwa ukucha, ina upande mmoja wa kingo za mviringo na upande mmoja wa kingo kali. Upande mkali utazame mbali na kitu kinachosukuma, ili ushike ukuta wa mfereji. Ukiigeuza, msukumo unaweza kuipandisha taratibu hadi itoke. Hata mafundi wa miaka mingi wanapuuza jambo hili. Vilevile, kama gurudumu linaloegemea pete lina kona iliyokatwa mshazari, litaisukuma pete juu. Weka rondela bapa katikati yao.

Ile ya pini ya pistoni ina sharti lake. Kwenye pistoni nyingi kuna kakato kadogo ka kuingizia ncha ya chombo. Mdomo wazi wa pete usikae sawa na kakato hako. Uelekezwe juu au chini. Na pete zote mbili ziwe mpya kila mara moteri inapofunguliwa, hata kama za zamani zinaonekana hazina neno. Kurudisha pete ya zamani kwenye pistoni ni kubahatisha mashini nzima kwa ajili ya kitu cha bei ya karanga.

Pete zinaruka. Zinaruka kwenye jicho la mtu, na zinaruka kwenye vumbi la pumba ambako hakuna atakayeziona tena. Miwani, au angalau uso ugeuzwe pembeni. Pitisha uzi kwenye kitundu kimoja cha pete kabla ya kuibana. Ikiruka, uzi unabaki mkononi. Kwa zisizo na kitundu, fanyia kazi ndani ya mfuko wa plastiki unaoona ndani.

Ukimaliza, isukume kwa turnevisi kuizunguka yote, uhakikishe imezama kila mahali. Ikichezacheza, kuna moja kati ya mawili: pete si yake, au mfereji umekwisha. Mfereji uliokwisha haupigwi nyundo wala hauchimbwi kwa tupa. Shafti iende kwa fundi wa kuchonga vyuma akate mfereji mpya pembeni, kama nafasi iko, au atoboe tundu la pini ya miguu miwili, ile inayokunjwa.

Yote haya ni kazi ya komite kabla ya kuwa kazi ya fundi. Mnaponunua mashini, au sasa hivi kama mnayo, kabla ya mavuno, mwendesha mashini na fundi wakae nusu siku na kaye. Waandike kila pete iko wapi, ni ya nje, ya ndani au ya E, na ya milimeta ngapi. Kwa kila moja zinunuliwe tatu, na pensi mbili, moja ya kila namna. Ziwekwe kwenye kopo la maziwa ndani ya kitambaa chenye mafuta, kila namba kwenye mfuko wake. Kopo likae kwa mweka hazina, si kwenye mfuko wa koti la fundi, na kila inayotoka iandikwe: siku gani, mashini gani, mahali gani. Pete ya mahali pamoja ikibadilishwa mara mbili katika msimu mmoja, msinunue ya tatu kabla ya kutazama beringi na mkanda vilivyo karibu nayo. Huenda kuna kitu kinachoisukuma kisichotakiwa kusukuma.